Kuunda Kompyuta ya Mezani: Iwashe Juu ya Boksi Kabla Hujaitia Kwenye Kasha

Kompyuta iliyoundwa nyumbani ikikataa kuwaka, mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa. Kijiti cha RAM (kumbukumbu ya muda) hakijazama hadi mwisho, waya wa umeme wa prosesa umesahauliwa, kijiguu cha shaba (nguzo fupi inayobeba mazabodi, yaani bodi kuu, ndani ya kasha) kimekaa pasipo tundu na kinagusa mgongo wa mazabodi, au mazabodi ilitoka kiwandani kabla ya prosesa na haiitambui. Kila moja ya kasoro hizi hurekebishwa kwa dakika chache, lakini ukishafunga vyote ndani ya kasha itakubidi ufumue karibu kila kitu ili ujue ni ipi. Ndiyo maana kazi hapa inaanzia nje: vifaa vya lazima vinawashwa juu ya boksi la mazabodi, na vikishaleta picha ndipo vinaingia kwenye kasha.

Mashine tunayoitumia kama mfano ni hii: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550 ya kipimo cha micro-ATX (milimita 244 kwa 244), vijiti viwili vya RAM ya DDR4-3200 vya GB 8 kila kimoja, SSD (diski ya kuhifadhia data) ya M.2 aina ya NVMe, yaani bapa inayolala juu ya mazabodi, kadi ya grafiki ya Radeon RX 6600 na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme) ya wati 550. Si vifaa vipya kabisa. Soketi yake, yaani kikao cha prosesa kwenye mazabodi, ni AM4, ambayo imekuwepo tangu kizazi cha kwanza cha Ryzen, kwa hiyo vifaa vyake ni vingi madukani, vipya na vya mtumba, na bado inaendesha michezo, uhariri wa video na kazi za ofisi bila taabu.

Kabla ya kulipa

Linganisha kwanza mambo manne.

Soketi na BIOS. Prosesa za Ryzen 5000 zilitoka Novemba 2020, ilhali mazabodi za B550 zilianza kuuzwa Juni mwaka huo, na B450 tangu 2018. Soketi ni ileile, ila mazabodi yenye BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya zamani haitaijua prosesa yako: feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Fungua ukurasa wa mazabodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, uone ni toleo gani la BIOS linalohitajika. Kama duka haliwezi kukuthibitishia toleo lililomo, chagua mazabodi yenye kitufe cha BIOS Flashback nyuma yake. Hiyo hupokea BIOS mpya kutoka kwenye flashi hata kama prosesa haitambuliki.

RAM. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati halikai mahali pamoja. AM4 ni DDR4 tu, AM5, soketi ya AMD iliyoifuata mwaka 2022, ni DDR5 tu. Kwa Intel ya soketi LGA1700 kuna mazabodi za aina zote mbili, tena majina yanakaribiana, kwa hiyo soma boksi mpaka mwisho. Nunua vijiti viwili vilivyofungwa pakiti moja. Kijiti kimoja cha GB 16 kitaifanya prosesa isome kumbukumbu kwa njia moja badala ya mbili, na tofauti hiyo utaiona kwenye michezo.

Picha. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Bila kadi hutaona chochote, hata BIOS. Ryzen 5 5600G inayo. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama kwenye Core i5-12400F, ina maana grafiki haimo. Watu wengi hurudisha mazabodi nzima dukani kwa sababu wamechomeka waya wa HDMI kwenye tundu la mazabodi huku prosesa yao haina cha kutuma huko.

Umeme. Prosesa hii ikibanwa hufika wati 76, RX 6600 hutumia wati 132, na vilivyobaki vipe wati 50. Jumla ni 258. Wati 550 zinatosha na kubaki, na hiyo nafasi ina kazi yake, maana kadi ya grafiki hupiga kilele juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawasaplai dhaifu huizima mashine papo hapo.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Soma jedwali dogo la lebo, tafuta mstari wa +12V, zidisha ampea kwa 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 huwa na ampea 45 hivi kwenye mstari huo, yaani wati 540. Ukikuta imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa lakini +12V ni ampea 20, umeshika pawasaplai ya wati 240 iliyovaa jina la nyingine. Alama ya 80 Plus nayo hueleza ni sehemu gani ya umeme inayopotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu ubora wa kapasita wala kinga ya shoti.

Kitu kingine cha kuangalia kwa pawasaplai za bei rahisi na za mtumba ni swichi nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa volti 230 hadi 240. Ikiwa mashine ilitoka Marekani na swichi imebaki 115, ukichomeka tu italipuka. Isogeze kwanza.

Kuhusu mashine za ofisi za mtumba, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zinazojaa maduka ya kompyuta kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue: ni nzuri kutumia zilivyo, lakini usizinunue kwa nia ya kuchomoa mazabodi au pawasaplai yake. Nyingi zina plagi na matundu ya skrubu yasiyofuata ATX, yaani vipimo vya kawaida vya kompyuta za mezani, na hazitakaa kwenye kasha lako.

Meza na zana

Bisibisi ya nyota namba 2 inafanya karibu kazi yote, na namba 1 ni ya skrubu ndogo ya SSD. Ongeza pesti ya joto, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichoacha nyuzi, vifungio vya plastiki, na flashi ya GB 8 au zaidi. Usifanyie kazi juu ya zulia. Kila unaporudi kwenye meza, gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kugusa kifaa, ili umeme tuli wa mwilini utoke.

Mazabodi iweke juu ya boksi lake la katoni. Usiiweke juu ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa: mfuko ule umetengenezwa upitishe umeme tuli kwa nje, na si mahali pa kuwashia kitu.

Hatua ya 1: prosesa

Inua wenzo wa soketi hadi usimame wima. Shika prosesa kwa kingo, tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye pembe yake, uilinganishe na pembetatu iliyo kwenye soketi. Ishushe na uiachie. Inatakiwa izame yenyewe kwa uzito wake. Ikikaa upande, inua uangalie pini chini ya mwanga. Iliyopinda unaweza kuinyoosha taratibu kwa ukingo wa kadi ngumu ya plastiki au ncha tupu ya penseli ya kubofya, mradi usiirudishe nyuma na mbele, maana hapo hukatika. Ikikaa sawa, laza wenzo.

Kwa AM5 na Intel pini ziko kwenye soketi, na hizo zikipinda ni shida zaidi. Kifuniko cheusi cha plastiki kiache kiruke chenyewe unapofunga, kisha kitunze. Dhamana nyingi za mazabodi hukitaka.

Hatua ya 2: RAM

Mazabodi yenye slotu nne hutaka vijiti viwili viingie A2 na B2, yaani ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Fungua vibanio, linganisha pengo, kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibanio vilie tak. Nguvu inayohitajika humshangaza mtu wa mara ya kwanza, na mazabodi itajikunja kidogo. Angalia kwa pembeni: mstari wa pini za dhahabu haupaswi kuonekana juu ya slotu, wala upande mmoja usiwe juu kuliko mwingine.

Hatua ya 3: SSD

Tumia slotu ya M.2 iliyo karibu na prosesa. Kwenye B550 hiyo ndiyo inayopata PCIe 4.0 moja kwa moja. Ya pili hupitia chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa vingine), na mara nyingi ukiitumia baadhi ya matundu ya SATA, yale ya diski za waya, hufa. Ingiza kwa pembe ya digrii 30 hivi, ilaze, funga skrubu. SSD nyingi ni za 2280, yaani milimita 22 kwa 80, kwa hiyo kijiguu cha skrubu kiwe kwenye tundu la 80. Kama kuna bamba la chuma la kupooza, bandua nailoni iliyo kwenye mpira wake. Nailoni ikibaki, bamba halina kazi.

Hatua ya 4: kipoza-joto

Wraith Stealth inayokuja na 5600 ina skrubu nne zenye springi, na tayari imepakwa pesti chini. Usiiguse kwa kidole wala usiongeze nyingine.

Hapa pana mtego. Mazabodi za AM4 huja na vishikio viwili vyeusi vya plastiki pande za soketi. Kwa kipoza-joto hiki vinatakiwa vitoke. Ukifungua skrubu zake nne, bamba la chuma la nyuma ya mazabodi halina tena kinacholishika, na litaanguka. Lishike kwa mkono wa chini unapofungua, na uendelee kulishika hadi skrubu za kipoza-joto zishike uzi.

Kaza kwa msalaba: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto, mizunguko miwili miwili, mpaka zigote. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, kipoza-joto kitalala upande, pesti itasukumwa, na utapata joto la juu ambalo halitaeleweka limetoka wapi. Chomeka feni kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN.

Ukitumia pesti yako, kiasi cha punje ya mbaazi katikati kinatosha. Na siku ukitaka kukitoa, washa mashine kwa dakika kumi pesti ipate moto, zima, kisha zungusha kushoto na kulia kabla ya kuinua. Kwenye AM4 ukikivuta kikavu, prosesa hung'oka nayo soketi ikiwa imefungwa, na pini hupinda.

Hatua ya 5: kuwasha juu ya boksi

Sogeza mazabodi hadi ukingo wa boksi, upande wa matundu ya nyuma. Bati la kadi ya grafiki hushuka chini kuliko mazabodi, na boksi likilizuia, kadi itakaa kiupande na haitaonekana. Chomeka kadi kwenye slotu ndefu ya juu hadi kibanio kilie.

Sasa umeme. Plagi ya pini 24 inaingia ubavuni. Plagi ya pini 8 iliyoandikwa CPU, inayogawanyika 4+4, inaingia juu karibu na prosesa. Plagi ya pini 8 iliyoandikwa PCIe, inayogawanyika 6+2, inaingia kwenye kadi. Hizi mbili za mwisho zinafanana kwa mbali, ila maumbo ya matundu yake yanatofautiana. Zikikataa kuingia usilazimishe, maana nyaya za njano na nyeusi zimepangwa kinyume. Na kama pawasaplai yako ni ya nyaya zinazochomoka, usitumie kamwe waya wa pawasaplai nyingine, hata kama plagi inaingia. Upande wa pawasaplai hauna kiwango cha pamoja, na waya usio wake huunguza SSD na mazabodi kwa sekunde moja.

Chomeka HDMI kwenye kadi, kibodi kwenye USB, washa swichi ya nyuma ya pawasaplai. Tafuta pini za F_PANEL, zinazopokea nyaya za swichi na taa za mbele ya kasha, kwenye kona ya chini ya mazabodi. Kwa mazabodi nyingi swichi ya kuwashia ni pini ya 6 na ya 8, ila thibitisha kwenye kitabu. Gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, kisha ondoa. Hapo kuna volti chache tu, hazidhuru.

Subiri dakika moja kamili. Kwa DDR5, hasa AM5, subiri hata dakika kadhaa, kwa sababu mara ya kwanza mazabodi huipima RAM na skrini hubaki nyeusi muda wote huo. Wengi huizima katikati na kuanza upya bila mwisho.

Ikiwaka ila haileti picha

Mazabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo zenye majina CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Ikiwa ni CPU, kagua plagi ya pini 8 ya juu, kisha toleo la BIOS, kisha pini za prosesa. Ikiwa ni DRAM, bakiza kijiti kimoja kwenye A2, kikandamize upya, jaribu, kisha badilisha kijiti. Kisipowaka chochote, toa umeme, chomoa betri ya CR2032 kwa dakika tano ili BIOS irudi mwanzo. Ikiwa ni VGA, chomoa kadi, iingize tena, na hakikisha waya wake wa umeme umelia tak. Taa ya BOOT peke yake si tatizo kwa sasa, maana hakuna Windows kwenye SSD.

Ikiwa hakuna dalili yoyote, hata feni, anza na swichi ya nyuma na soketi ya ukutani, kisha plagi ya pini 24. Ikiwa feni zinazunguka nusu sekunde na kuzima, hiyo ni kinga ya shoti. Nje ya kasha sababu huwa plagi iliyokaa vibaya au skrubu iliyoanguka chini ya mazabodi. Ndani ya kasha, mshukiwa wa kwanza ni vijiguu.

Ukiona picha, ingia BIOS kwa Delete. Hakikisha inaonyesha GB 16, SSD ipo, na prosesa iko kwenye nyuzi 35 hadi 55. Ikipanda kuelekea 80 ukiwa umekaa tu hapo, zima: kipoza-joto hakijagusa prosesa, au kwa vipoza-joto vilivyonunuliwa kando, nailoni ya chini haikubanduliwa.

Hatua ya 6: ndani ya kasha

Bati la matundu ya nyuma liingie kwanza, kama halijaungwa na mazabodi. Likisahauliwa, unafungua kila kitu tena.

Kisha vijiguu vya shaba. Hesabu matundu ya mazabodi, kwa micro-ATX huwa 6 hadi 8, na kila tundu liwe na kijiguu chake. Kijiguu kisicho na tundu juu yake king'oe. Ingiza skrubu zote kwanza bila kukaza, kisha kaza mpaka zishike, si zaidi.

Waya wa pini 8 wa prosesa upitishe mapema, kabla kadi haijaziba njia. Plagi ya USB 3.0 ya mbele yenye pini 19 iingize wima kabisa, kwani pini zake hupinda kwa kuguswa tu. Waya wa POWER SW hauna upande, wa taa unao: taa isipowaka, igeuze.

Feni ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma itoe. Hewa hutokea upande wenye fremu inayoshika mota. Pwani na kwenye barabara za vumbi, weka chujio mbele na ulisafishe kila mwezi, kwa sababu vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hugeuka utando unaoshika kwenye mapezi ya kipoza-joto na haupulizwi kwa mdomo.

Hatua ya 7: BIOS na Windows

RAM ya 3200 haikimbii 3200 mpaka uiambie. Ikiachwa ilivyo, nyingi hukaa 2133, 2400 au 2666. Washa XMP, mpangilio wa kasi ya RAM uliomo kwenye BIOS, inayoitwa pia DOCP kwenye baadhi ya mazabodi, au EXPO kwa DDR5 ya AMD. Washa Resizable BAR (huruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi ya grafiki kwa mara moja), zima CSM (mfumo wa zamani wa kuwasha), washa fTPM (TPM, yaani sehemu ya usalama, iliyomo ndani ya prosesa). Windows 11 inadai TPM 2.0 na UEFI (BIOS ya kisasa) yenye uwezo wa Secure Boot (ukaguzi wa programu zinazowasha mashine), na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo hakuna sababu ya kupiga Windows 10 kwenye mashine mpya.

Tengeneza flashi ya kusakinishia Windows kwa programu ya Microsoft au kwa Rufus. Pakua pia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya LAN au Wi-Fi ya mazabodi yako kutoka kompyuta nyingine uiweke kwenye flashi hiyohiyo, kwani usanidi wa Windows 11 hukwama pale unapodai intaneti wakati kadi ya mtandao haijatambulika. Windows ikishaingia, weka draiva ya chipseti, kisha ya grafiki kutoka AMD.

Umeme wa nyumbani

UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) ya VA 650 haibebi wati 650. Nyingi hubeba kati ya 325 na 400, na mashine hii pamoja na skrini inaingia humo kwa kubana. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, zisizotosha kuendelea kucheza. Jaribu kwa kuchomoa plagi ya UPS ukutani huku mchezo unaendelea: baadhi ya pawasaplai hazielewani na UPS za bei nafuu ambazo wimbi lake la umeme si laini, na mashine huzima papo hapo. Ni afadhali ulijue hilo siku ya kwanza kuliko siku umeme unapokatika ukiwa unaandika BIOS mpya.

Kupima kabla siku za kurudisha hazijaisha

Duka likikupa wiki moja ya kurudisha, tumia usiku wa kwanza kuipima RAM kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko minne. Kosa hata moja ni kosa: zima XMP urudie, na likibaki, kijiti kirudi dukani. SSD ikague kwa programu ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ilizotumika. Iliyouzwa kama mpya lakini ina maelfu ya saa imeshatumika. Kwa ya bei ya ajabu, jaza yote kwa H2testw, kwani za feki hudai TB 1 na kuanza kuharibu data baada ya GB chache. Kadi ya grafiki ibane kwa OCCT, programu ya kupima kwa mzigo, nusu saa huku HWiNFO, inayoonyesha joto, imefunguliwa pembeni. Ryzen 5 5600 ina kikomo cha nyuzi 90. Kwa kipoza-joto chake cha boksini, kwenye chumba cha nyuzi 30, kukaa 75 hadi 85 chini ya mzigo mzito ni kawaida. Ikigusa 90 na kasi kushuka, fungua kasha, kaza upya kwa msalaba, na angalia kama feni ya mbele inavuta au inatoa.